Mashua ya mita 8: taa ya rangi tatu mlingotini au taa za chini? Nishaurini kabla ya Jumamosi

Mpwa wa Nahodha: Habari za jioni wakuu. Nina mashua ya mita 8 niliyoachiwa na mjomba, inabeba mzigo kati ya Tanga na Mkoani, Pemba. Taa zake za omo (mbele) na tezi (nyuma) zimefifia. Wiki mbili zilizopita, usiku, meli ilitupita karibu mpaka mawimbi yake yakaingia chomboni. Tangu siku ile silali vizuri. Nichukue taa moja ya rangi tatu ya kileleni mwa mlingoti, au nyekundu na kijani omo na nyeupe tezi? Betri yangu ni ndogo.

Babu Kusi: Sisi tulivuka na chemli moja na Mungu akatufikisha. Mwaka mmoja chemli ilizimika katikati ya mkondo, baba akawasha kipande cha gunia...

Mama Shamsa: Kabla ya taa, je, majaketi ya kuokolea yapo? Watu mnawaza rangi na roho za watu hamziwazi.

Omo na Tezi: Kwa chombo cha chini ya mita 20 kinachokwenda kwa tanga, zote mbili zinakubalika, ila usiziwashe kwa pamoja. Ya rangi tatu inakula betri kidogo kwa kuwa ni moja. Lakini usiku ule mashine ilikuwa inafanya kazi?

Mpwa wa Nahodha: Majaketi yapo, mama. Kuhusu mashine, swali langu ni taa.

Omo na Tezi: Ndiyo nakuuliza taa. Mashine iliwaka au haikuwaka?

Mpwa wa Nahodha: Iliwaka. Upepo ulilegea. Lakini tanga lilikuwa juu, kwa hiyo ni chombo cha tanga. Na niseme ukweli, ya rangi tatu nimeshainunua, fundi anakuja Jumamosi.

Omo na Tezi: Hapo ndipo penye hatari, ndugu yangu. Kwa kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana baharini za 1972, mashine ikisukuma, wewe ni chombo cha mashine hata tanga likiwa limejaa. Kwa taa ulizowasha, nahodha wa meli alisoma chombo cha tanga, akakutarajia uende kwa mwendo wa upepo. Ukiwa na mashine unatakiwa uongeze nyeupe ya juu.

Kombamwiko: Paka mashua nzima rangi ya kung'aa, umalize kazi.

Mkweli Daima: Jamani, hii ni hadithi ya kutunga. Mwenye mashua hawezi kuuliza taa ya kileleni. Foromali, ule mti unaobeba tanga, inapanda juu kuliko mlingoti, na tanga likijaa linaifunika taa upande mmoja. Hiyo ni taa ya mayoti. Huyu hajawahi kukanyaga mashua.

Mama Shamsa: Hata mimi nilishtuka. Na meli yenyewe haina jina.

Mpwa wa Nahodha: Sijatunga. Mimi ni mtu wa duka, nahodha ni mwingine, mimi nilikaa juu ya magunia. Meli niliiona ubavu wake tu, mweusi, sikusoma jina. Ila la foromali ni kweli, sikulifikiria kabisa. Muuzaji hakuniuliza ni tanga la aina gani.

Omo na Tezi: Namwamini. Sikiliza basi. Omo weka nyekundu kushoto na kijani kulia, zionekane angalau maili 1 ya baharini. Tezi weka nyeupe ya kuangaza nyuma, maili 2. Kisha simamisha nguzo tezini yenye nyeupe ya pande zote, izidi za omo kwa mita 1 au zaidi. Swichi tatu. Kwa tanga tupu: omo na ile ya nyuma. Mashine ikiwaka: omo na ya nguzo, ya nyuma zima. Mkitia nanga: ya nguzo peke yake. Chombo cha chini ya mita 12 kinaruhusiwa hivyo.

Babu Kusi: Swichi ziwe karibu na usukani. Gizani hakuna atakayekimbilia omo.

Mpwa wa Nahodha: Tezini foromali haifiki, nimemuuliza nahodha sasa hivi. Anasema demani, kamba ya kuongozea tanga, inapita pale, itanasa nguzo tukigeuza tanga. Nguzo ya kulaza inakubalika, au lazima isimame muda wote?

Omo na Tezi: Ilaze mchana. Jua likizama isimame.