Naomba ushauri: vibandiko vya nikotini wakati wa ujauzito

Habari zenu wapendwa. Nina ujauzito wa wiki 14 na bado sigara imenishinda. Nilikuwa navuta 12 kwa siku, nimeshuka hadi 5, hapo nimekwama. Ile ya asubuhi, kabla hata sijapiga mswaki, ndiyo kiboko. Mkono unaenda wenyewe chini ya mto kutafuta kiberiti.

Mkunga kanishauri vibandiko vya nikotini, vya kubandika kwenye ngozi ili kupunguza hamu ya sigara, vile vya kukaa saa 16: nabandika asubuhi, nabandua kabla ya kulala ili mtoto asipate nikotini usiku kucha. Kasema nikotini si salama kabisa kwa mimba, ila moshi ni mbaya zaidi kwa sababu una hewa ya kaboni monoksaidi inayomnyima mtoto oksijeni, na kemikali nyingine kibao. Nimemwelewa. Mama mkwe ndiye hataki kusikia, anasema naacha sumu kwa sumu (na yeye hajawahi kuvuta hata siku moja!).

Chingamu ya nikotini nilijaribu, nikaitafuna haraka kama jojo, kichefuchefu kikanitoa machozi. Kumbe unatafuna kidogo, unaiegesha shavuni.

Waliotumia vibandiko wakiwa wajawazito, mlimudu vipi ile hamu ya asubuhi kabla kibandiko hakijaanza kufanya kazi? Na mkiteleza mkavuta moja, mlibandua au mliendelea? Kliniki narudi Alhamisi, nitamuuliza na mkunga, lakini nataka kusikia kwa waliopitia. Matusi sihitaji, najitukana vya kutosha.