Kuitunza miche ya klematisi majira ya baridi: dirishani, gereji au nje?

Chipukizi
Habari zenu, ndugu zangu wapenda bustani. Nina miche ya klematisi, ule mmea wa maua unaopanda ukutani, niliyoiotesha mwenyewe kwa mbegu, na imenipasa kuamua pa kuiweka kabla barafu ya kwanza haijashika. Ninazo nafasi tatu: dirishani sebuleni, gereji isiyopashwa joto, na sanduku la mbao lenye kifuniko cha kioo lililoko nje. Niliisubiri miche hii kwa muda mrefu sana, kwa hiyo naomba mnishauri ni wapi itakuwa salama zaidi.

Mtunza Kitalu
Ndugu, hatuwezi kukujibu bila kujua ni klematisi ipi. Jenasi hii ina spishi zipatazo 300, na hazilingani hata kidogo. Spishi iitwayo tangutica huota ndani ya wiki chache, ilhali mbegu za chotara wenye maua makubwa huweza kukaa udongoni miezi sita, mwaka, hata miaka mitatu. Armandii haipukutishi majani, basi gereji yenye giza haiifai kabisa. Tuambie spishi, idadi ya majani, na ukubwa wa vyungu.

Mzizi Mrefu
Hata kabla hajajibu, mimi nasema sanduku la nje. Viticella, alpina na nyingine nyingi ni mimea ya nchi zenye baridi. Hupukutisha majani, hupumzika, kisha huamka kwa nguvu. Hatari yenyewe imo kwenye chungu, kwa sababu mizizi iliyo chunguni hupigwa na baridi kutoka pande zote, tofauti na ile iliyo ardhini. Ndiyo maana mimi huvifukia vyungu mchangani hadi ukingoni, na siku za jua hufunua kioo ili joto lisiyaamshe machipukizi mapema na ukungu wa kijivu usipate pa kuanzia.

Mama Matandazo
Popote utakapoichagulia, dada au kaka, usiiweke dirishani. Mwaka mmoja niliweka miche ishirini dirishani, juu kidogo ya kipasha joto, nikiamini kwamba naihurumia. Wiki tatu za mwanzo ilinifurahisha kwa jinsi ilivyorefuka, kumbe ilikuwa ikiitafuta nuru: siku za majira hayo ni fupi na nuru yake ni hafifu, huku joto la chumba likiusukuma mmea ukue bila kuwa na cha kujijengea. Mashina yakawa membamba kama uzi. Majani yalipolegea nilidhani ni kiu nikaongeza maji, na hapo ndipo nilipoimaliza, kwa kuwa mizizi ilikuwa imekwisha kuanza kuoza. Kisha vikazuka vijidudu vyeusi vinavyoruka, ambavyo mabuu yake hutafuna mizizi michanga. Majira ya kuchipua yalipofika nilikuwa na miche miwili, nayo ikababuka siku ya kwanza nilipoitoa juani.

Chipukizi
Pole sana, Mama Matandazo, na nisameheni kwa kutoeleza vizuri. Kumi na mmoja ni viticella, kila mmoja una jozi tatu za majani. Minne ilitokana na mbegu za chotara wenye maua makubwa ya zambarau. Hiyo iliota majuzi tu na ina majani mawili mawili.

Shina Jembamba
Viticella peleka nje bila wasiwasi. Kuhusu ile minne, je, unajua kwamba haitafanana na mama yake? Mbegu za chotara hutoa mchanganyiko, na mingi huwa na maua ya kawaida tu. Binafsi nisingeipa nafasi nzuri.

Mtunza Kitalu
Hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Jackmanii, klematisi chotara inayopandwa hadi leo, ilitokana na mbegu za kuchanganya klematisi katika kitalu cha familia ya Jackman huko Woking, Uingereza, ikachanua mwaka 1862. Kama wangeitupa kwa sababu haifanani na mama yake, tungekuwa tumekosa mengi.

Shina Jembamba
Nakubali mfano huo, lakini chotara wa maua makubwa ndio wanaoshambuliwa zaidi na kuvu wa mnyauko, na viticella ni nadra kupata ugonjwa huo.

Mzizi Mrefu
Mnyauko haumaanishi kifo iwapo, wakati wa kuhamishia ardhini, shina limezamishwa sentimita 5 hadi 8, kwa kuwa machipukizi yaliyo chini ya udongo huweza kuchipua upya.

Mama Matandazo
Hilo ni la mche uliokwisha kukomaa, ndugu yangu. Ukiuzamisha mche wenye majani mawili, utaoza shingoni. Ile minne mimi ningeiweka mahali penye nuru nyingi na ubaridi usiofikia kuganda, na ningeimwagilia kwa kiasi kidogo sana, kwani kinyausi, ule ugonjwa wa kuvu unaoozesha shina usawa wa udongo, huiangusha miche ya umri huo kwa usiku mmoja.

Chipukizi
Viticella nitaifukia sandukuni wiki hii. Gereji ina dirisha moja dogo upande wa mashariki. Sijui kama nuru yake itaitosha ile minne, au niongeze taa.

Mzizi Mrefu
Ongeza taa, lakini isiwe ya kutoa joto. Sandukuni tandika wavu wa waya, maana panya huyatafuna mashina yote kipindi ambacho hutegemei.

Mtunza Kitalu
Na vyungu vina ukubwa gani? Chungu kidogo huganda upesi na hukauka upesi, hata ndani ya sanduku.