Kompresa ya gereji ya nyumbani: lita 50 inatosha, au nijikaze hadi lita 100?

Mdau wa Kivule
Wakuu, habari za jioni. Nina banda la mabati nyuma ya nyumba huku Kivule, na ndilo gereji yangu. Sijaajiriwa ufundi, Jumamosi natengeneza Corolla yangu ya mwaka 1998 na magari mawili matatu ya majirani. Mpaka leo upepo naufuata kwa mtu wa pancha barabarani, na nati za tairi nafungua kwa spana ya msalaba huku nimeikanyaga. Mgongo umechoka.

Wiki hii nimezunguka maduka ya mtaa wa Gerezani, Dar, kutafuta kompresa, yaani mashine ya kushindilia hewa kwenye tangi. Duka la kwanza wamenionesha ya tangi la lita 50, kibandiko kinasema nguvu ya mota HP 2.5, presha bar 8, hewa lita 206 kwa dakika, mizunguko 2850 kwa dakika. Muuzaji anasema inapiga hata rangi ya gari zima. Duka la pili wanasisitiza lita 100, ambayo mota inazungusha pampu kwa mkanda, HP 3, bei karibu mara mbili. Bajeti yangu laki tano, nikijibana sana laki saba. Kazi ni kujaza tairi, kupuliza filta na vumbi la dramu za breki, kufungua nati kwa mashine ya upepo, na mwaka huu nataka kupiga rangi bampa na milango miwili. Umeme wetu jioni hushuka, feni inazunguka kivivu. Naomba ushauri kwa waliotumia. Natanguliza shukrani.

Kijana wa Spea
Mkuu chukua lita 100 usijiulize mara mbili. Tangi kubwa ndiyo kila kitu.

Fundi Rangi
Hapana, tangi si kila kitu, na hapo ndipo watu wanapoliwa pesa. Tangi ni ndoo, pampu ndiyo bomba linaloijaza. Bomba likiwa dogo, ndoo kubwa inakuchelewesha tu kugundua.

Kaka wa Kivule, hiyo 206 ya kwenye kibandiko ni hewa ambayo pampu inavuta kwa hesabu. Inayotoka kweli ikiwa na presha ni pungufu sana, kwa mashine za aina hiyo tarajia kama 130. Sasa bunduki ya rangi ya kawaida inaweza kula lita 300 kwa dakika. Unakosa 170 kila dakika, na pengo hilo linazibwa na akiba ya tangini. Tangi la lita 50 likishuka kutoka bar 8 hadi 4 limekupa lita 200 za hewa, maana kila bar moja ni lita 50 za hewa ya kawaida. Gawanya mwenyewe: dakika moja na sekunde kumi, presha imekwisha, rangi inaanza kutema matone katikati ya mlango. Ukiwa na la lita 100 na pampu ileile, unafika dakika mbili na sekunde ishirini. Bado mlango haujaisha.

Kwa nati za tairi hali ni tofauti. Unabonyeza sekunde chache, unapumzika, unahamia nyingine, pampu inapata muda wa kujaza. Lita 50 inafanya kazi hiyo vizuri. Kujaza tairi ndiyo kabisa, haina shida. Msasa wa upepo usahau, unakula hewa mfululizo bila huruma.

Bampa unaweza, kwa bunduki ndogo ya hewa kidogo, zipo zinazotumia lita 100 hadi 150. Milango nakushauri umpelekee mtu mwenye mashine kubwa.

Na kabla ya kulipa, wapime palepale dukani. Tangi lifunguliwe chini mpaka geji isome sifuri, lifungwe, iwashwe, nawe shika saa ya simu. Tangi la lita 50 kufika bar 8 linameza lita 400. Likijaa kwa dakika tatu, pampu inatoa kama 133. Likichukua dakika tano, inatoa 80, hata kibandiko kiandike nini. Muuzaji asiyekubali kupima, mwage.

Mwana Umeme
Naongezea upande wangu. HP 2.5 ni karibu kilowati 1.9, ikizunguka inavuta kama ampea 10, lakini ikianza inavuta mara kadhaa ya hapo. Kwenye umeme hafifu mota inanguruma bila kuzunguka, na dakika hiyo ndiyo kapasita (kile kifaa cha kusaidia mota kuanza) na waya za ndani zinaungua. Ukisikia mngurumo huo zima mara moja. Jioni umeme ukishuka, usiwashe, fanya kazi asubuhi.

Usitumie ekstensheni nyembamba ndefu. Mota iwe karibu na soketi yake, waya wa milimita 2.5 kutoka kwenye breka, halafu urefu uuweke kwenye mpira wa hewa.

Jambo jingine la kusikiliza dukani: ikijaa na kujizima lazima itoe "psss" fupi. Hiyo inatoa presha juu ya pampu ili mota ianze tena bila mzigo. Isipolia, mota itaanza ikiwa imebanwa. Ikilia bila kukoma, valvu ya kuzuia hewa isirudi inavuja.

Bwana Kisasa
Mimi nimetumia kompresa ya friji na mtungi wa gesi wa zamani, haipigi kelele kabisa na gharama ndogo. Kwa nini mtu atoe laki tano?

Fundi Rangi
Ndugu yangu, kwa upendo kabisa, acha kuitumia. Mtungi huo haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Hauna pa kutolea maji, unaoza kutoka ndani, na nje unaonekana mpya. Ukipasuka hakuna wa kusimulia. Kompresa ya friji yenyewe inatoa hewa kidogo na inatupa oili humo humo.

Mama Gereji, Tanga
Msisahau maji. Huku pwani hewa ina unyevu mwingi, na wote unaishia tangini. Jirani yangu alikaa na yake karibu miaka miwili bila kugusa koki ya chini. Tulipoifungua ilitoka chai ya rangi ya kutu, na pembeni ya koki bati lilikuwa limebaki kama karatasi. Ukibonyeza kwa bisibisi linaingia. Tangi lile tulilikata, hatukuliziba kwa kulehemu, na wewe usikubali fundi akuzibie. Kila ukimaliza kazi, fungua koki mpaka yaishe.

Kwa rangi weka filta ya maji mbali na mashine, mwisho wa mpira mrefu, hewa iwe imepoa. Ukiifunga pale inapotoka bado ni ya moto, maji yanapita kama mvuke.

Na vumbi la breki mwanangu usilipulize, utalivuta puani. Lowesha, futa kwa kitambaa.

Msafiri wa Kilindini
Salaam kutoka Mombasa. Ukishawishika na mtumba wa Japani, soma kibandiko cha mota kwanza. Nyingi ni za volti 100 au za fezi tatu volti 200, nyumbani hutoziwasha.

Mdau wa Kivule
Wakuu, mungu awabariki. Leo nimerudi Gerezani na saa mkononi. Ya duka la kwanza ilijaa kwa dakika 4 na sekunde 10. Duka la tatu, lita 50 vilevile na kibandiko karibu sawa, dakika 3 na sekunde 5, na "psss" ikalia mara moja tu. Nimechukua hiyo. Chenji imenipa mpira wa mita 15, filta na bunduki ndogo. Milango namletea fundi rangi wa mtaani.

Swali moja: nimetia oili ya pampu mpaka kile kioo cha kuoneshea kiwango chake kimejaa chote. Ni sawa?

Fundi Rangi
Si sawa. Punguza ifike katikati ya nukta nyekundu iliyo kwenye hicho kioo. Ikizidi inapanda na hewa, rangi ya bampa itafanya vishimo. Na iwe oili ya kompresa, usitie ya injini.

Mdau wa Kivule
Ni ya kompresa. Nimepunguza sasa hivi kwa tochi ya simu, imekaa nusu ya nukta. Kesho asubuhi naanza na nati za jirani.