Mjadala: Kiongozi mwadilifu akishika madaraka, bado tunahitaji sheria ya kumwondoa?

Mzee wa Pangani
Habari za jioni, ndugu zangu. Jana nimeirudia filamu ya Kimalayalam iitwayo One, iliyotoka tarehe 26 Machi 2021, ambamo mwigizaji Mammootty ni Kadakkal Chandran, Waziri Kiongozi (mkuu wa serikali) wa Kerala, jimbo la India, asiyehongeka wala kutishika. Mwanafunzi mmoja anamtukana mtandaoni, andiko linasambaa, naye badala ya kuwaka anataka kujua kijana amekerwa na nini. Kisha anapigania muswada wa kuwapa wapiga kura haki ya kumwondoa mjumbe wao kabla ya muhula kwisha. Ninauliza: akipatikana mtu wa namna hiyo, sheria ya namna hiyo ni ya nini? Mimi naona mtu hutangulia na sheria hufuata, kwa kuwa sheria nzuri mikononi mwa mwizi ni karatasi tu. Na kijana yule alibahatika kukutana na muungwana. Tusiwafundishe watoto wetu kwamba kumtukana mkubwa ni ushujaa.

Binti Likoni
Shikamoo mzee. Nimeisoma sentensi yako ya mwisho mara tatu, na imeniuma. Niliwahi kukaa kwenye teksi na mama yangu, pumu imembana, kichwa chake kiko mapajani pangu, huku askari akituzuia kwenye makutano kwa sababu msafara wa mkubwa ulikuwa njiani. Dereva alizima injini ili asimalize mafuta. Inhela ilikuwa imekwisha dawa, nami nikawa naitikisa tu ili mama adhani bado imo. Yakapita magari kumi na moja yenye vioo vyeusi, na hakuna lililopunguza mwendo. Usiku ule niliandika maneno ambayo sikufundishwa nyumbani, na sijayafuta. Usiniambie habari za adabu kabla hujaniuliza mama aliamkaje.

Mzee wa Pangani
Marahaba mwanangu, na pole sana, sikukusudia wewe. Hata hivyo sirudi nyuma. Hasira ni haki yako, lakini neno “mwizi” likirushwa kwa asiyeiba ni dhuluma kama dhuluma nyingine, na anayedhulumiwa hapo ni yule mmoja mwema tuliyemngoja miaka yote.

Msafiri wa Muscat
Mimi naishi chumba kimoja na vijana wa Kerala, mmoja wa Kannur na mwingine wa Kollam, na filamu hiyo tuliitazama pamoja kwenye simu iliyoegemezwa kwenye sufuria ya wali. Wa Kollam alifurahi tangu aliposikia jina, maana Kadakkal ni mji wa kweli wilayani kwao, na watu wake waliasi utawala mwaka 1938. Wa Kannur alinuna. Alisema filamu ya kumsifu Waziri Kiongozi haiwezi kutoka siku 11 kabla ya uchaguzi wa tarehe 6 Aprili ikawa haina jambo. Kura zilipotangazwa, kambi ya kushoto iliyokuwa madarakani ilipata viti 99 kati ya 140. Lakini mzee, tangu mwaka 1982 hadi 2016 watu wa Kerala walikuwa wakiiondoa serikali kila uchaguzi, leo kambi hii, kesho ile, bila kumngoja malaika. Sisi tuliolelewa kwenye hadithi za sultani mwema ndio tunaomngoja.

Mzee wa Pangani
Hilo la sultani umenitupia mimi, na silipokei. Babu yangu alitozwa kodi ya kichwa, na mimi nimepanga foleni ya kura tangu nilipofikisha umri. Kumtamani kiongozi mwaminifu si kumtamani mfalme.

Wakili Mstaafu
Naomba tutazame na muswada wenyewe. Muhula wa miaka 5 wa mabunge ya majimbo umewekwa na Ibara ya 172 ya Katiba ya India, na jimbo peke yake haliwezi kuigusa. Zaidi ya hapo, tangu marekebisho ya mwaka 1985 mjumbe anayepiga kura kinyume cha amri ya mnadhimu wa chama chake anaweza kupoteza kiti. Maana yake chama kina njia ya kumwondoa mjumbe, na waliomchagua hawana. Sisi Tanzania tunalijua hilo vizuri, kwani mbunge akifukuzwa uanachama kiti kinakwenda naye. Kenya waliiandika haki ya wapiga kura katika Ibara ya 104 ya Katiba ya 2010, kisha Bunge likaizungushia masharti magumu hata Mahakama Kuu ikabatilisha baadhi yake mwaka 2017, na hajaondolewa mbunge hata mmoja. Waliotunga masharti hayo ndio waliokuwa waondolewe. Ndiyo sababu nasema Mzee amekosea mpangilio: mtu mwadilifu ana miaka michache tu, na asipoitumia kujifunga mwenyewe, atakayemrithi atakuta mlango wazi.

Mzee wa Pangani
Wakili, hayo ya mnadhimu nakubali, na sikuyafikiria. Lakini umesema “mtu mwadilifu asipojifunga”. Basi bado umeanza na mtu.

Msafiri wa Muscat
Tumeanza na kijana, mzee. Bila lile andiko Waziri Kiongozi angejuaje?

Mzee wa Pangani
Angeweza kuandika bila tusi.

Binti Likoni
Lisilo na tusi niliandika asubuhi yake, kurasa mbili, nikalipeleka ofisini kwao kwa mkono na kugongewa muhuri wa kupokelewa. Nakala ninayo hadi leo. Aliyenijibu alijibu lile la usiku, na alijibu kwa vitisho. Mama yu mzima, anakusalimu. Ila andiko silifuti.