Jarida la sanaa hapa Lamu lifanye kazi gani hasa?

Mkunguni_Amu: Assalaam alaykum ndugu zangu, sisi vijana kadhaa tunataka kuanzisha jarida la sanaa ya kisasa, ila si la kupamba meza za mahoteli, tunataka liguse maisha ya watu wa hapa. Sasa dhamira yake tuiandike vipi ili mchoraji na mvuvi wote waone ni lao?

Binti wa Shela: Hongereni jamani! Mie ningeanza na yale makaa ya mawe, maana 2019 mahakama ya mazingira ilifuta leseni ya kile kiwanda cha umeme wa makaa kilichopangwa kujengwa hapa Lamu, na watu walikuwa wamepinga miaka kwa mabango na fulana za kuchora, nani kayahifadhi? Jarida liyakusanye, liulize aliyechora alikuwa anamwambia nani, si bei ya picha tu.

Fundi Nakshi: Hapo kwenye kisasa muwe makini. Mji wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kila mgeni apiga picha milango lakini fundi anayechonga haulizwi kitu, si bei ya mbao si nyumba zinavyouzwa. Naye ni msanii wa leo, mpeni kurasa aseme mwenyewe na mumlipe. Na Kiswahili kije kwanza.

Mkunguni_Amu: Shukran fundi, la malipo naliingiza. Na wavuvi walioathirika na ujenzi wa bandari mpya ya Lamu tuwaandike vipi?

Binti wa Shela: Msiwaandike nyinyi, wapeni kamera na rekoda, kesi yao ya bandari walishinda Mahakama Kuu 2018, waisimulie wao.