Mjadala: Mchekeshaji aingie chumba cha sindano, au aishie wodini?

Mtoa hoja: Wachekeshaji wa sarakasi ya Big Apple Circus, wale wa pua nyekundu na uso wa rangi, walianza kuzungukia wodi za watoto New York mwaka 1986, na nchi nyingi zikafuata. Nasema waingie hadi kwenye kutoa damu na kuweka kanula, ule mrija mwembamba unaoachwa mshipani. Hofu huanza mtoto anapoiona trei ya sindano, kabla hata hajaguswa.

Muuguzi: Napinga, na sababu ni ganzi. Krimu ya ganzi ya lidokeini na prilokeini, inayopakwa ngozini, inahitaji saa nzima chini ya plasta isiyopitisha hewa. Akishakuwepo mchekeshaji, saa hiyo hupunjwa: "si anacheka, choma tu." Mtoto aliyechomwa katikati ya mchezo hujiona kadanganywa, na safari ijayo pua nyekundu yenyewe itamtoa machozi.

Mtaalamu wa usingizi: Utafiti wa Florence, Italia, uliochapishwa 2005 ulihusu watoto 40 wa miaka 5 hadi 12 waliosubiri upasuaji. Waliokuwa na mzazi pamoja na wachekeshaji waliogopa kidogo kuliko waliokuwa na mzazi tu. Hata hivyo wahudumu wengi walikataa mpango uendelee, wakisema unawavurugia kazi.

Mchekeshaji wa wodini: Vurugu hutokana na kuingia bila mpango. Kwanza muulize muuguzi umri, mzio na krimu imepakwa saa ngapi. Maputo ya lateksi, yaani mpira wa asili, yaachwe kabisa, maana watoto wengi wenye mgongo wazi wana mzio nayo. Bisha hodi, mtoto akikataa, ondoka. Akikubali, akae wima mapajani mwa mzazi, kifua kwa kifua, mkono mmoja umenyooshwa nje. Simama upande usiochomwa, usimzibe muuguzi njia ya kufikia trei. Mpe kazi ya kufanya, mfano kupuliza mapovu polepole, kwa sababu kutazama tu hakumshiki. Sindano ikiingia isikike sauti moja. Watu watatu wakimbembeleza kwa pamoja, anachanganyikiwa. Na kamwe usimwambie haitauma.

Muuguzi: Na walio chini ya miaka miwili? Mgeni tu anawatisha, sembuse uso uliopakwa rangi! Kichanga apewe titi la mama, au matone ya sukrosi (maji ya sukari) ya asilimia 24 dakika mbili kabla.

Mtoa hoja: Kwa hao nakubali, dada. Ila saa ya krimu ndiyo hasa zamu ya mchekeshaji: aijaze yeye, badala ya mtoto kukaa akiukodolea macho mlango.

Muuguzi: Sawa, kwa sharti muda wa kupaka uandikwe juu ya plasta yenyewe, na saa isipotimia asiingie mtu na sindano.