Mageuko shule ya msingi: mapema mno, au tunachelewa?

Wadau, mtoto wa miaka tisa akifundishwa jinsi viumbe vinavyoendana na mazingira yao, hakuna anayelalamika. Litajwe neno mageuko, yaani viumbe kubadilika kizazi hadi kizazi, ugomvi unaanza. Hoja yangu ni kwamba ukifundisha la kwanza ukalificha la pili, unampotosha mtoto.

Chukua ile sentensi tuliyoizoea: "Twiga ana shingo ndefu ili afikie majani ya juu." Mtoto anachokielewa ni kwamba twiga alitamani majani, akajivuta, shingo ikarefuka, wanawe wakairithi. Hayo ni mawazo ya Lamarck, mwanasayansi Mfaransa, ya mwaka 1809, na biolojia ilishayaacha. Akifika sekondari inabidi ayasahau kwanza.

Maelezo sahihi wala si magumu. Viumbe wa kundi moja hawafanani. Baadhi ya tofauti hurithiwa. Wenye tofauti inayowafaa huishi na kuzaa zaidi; huo ndio uteuzi wa asili. Katika hifadhi ya Gorongosa, Msumbiji, vita vya 1977 hadi 1992 viliangamiza zaidi ya asilimia 90 ya tembo, wengi wakiuawa kwa ajili ya pembe. Kabla ya vita, majike wasio na pembe hawakufika mmoja kati ya watano. Baadaye walikuwa karibu nusu. Hakuna tembo aliyeamua kuacha pembe! Wenye pembe waliwindwa, wasio nazo wakabaki kuzaa. Mtoto gani atashindwa hapo? England mada hii imo kwenye mtaala wa watoto wa miaka 10 na 11 tangu 2015.

Jibu: Mkuu, tembo wako nimemwelewa, ila bado ni tembo. Swali litakalofuata darasani ni "Na sisi je?" Nyumbani kaambiwa Mungu alimuumba Adamu kwa udongo. Umri ule ataona ama mama ni mwongo, ama mwalimu. Subirini sekondari, akili ikomae.

Mleta mada: Bado ni tembo, kweli, miaka 15 ni michache mno kuzaa spishi mpya ya tembo. Nilitaka kuonyesha uteuzi wa asili unavyofanya kazi, na huo ndio unaohitajika darasani. Binadamu si lazima awe somo la kwanza. Akiuliza, mwalimu aeleze sayansi imegundua nini, imani ya nyumbani asiiguse. Papa John Paul II alisema mwaka 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu, na hakuacha kuamini uumbaji. Ukisubiri sekondari, wapo watakaoishia shule ya msingi, wakibaki na twiga anayejivuta.

Jibu: Mnabishana kuhusu Adamu, sisi walimu wa msingi hamtuulizi. Mmoja anafundisha hesabu, lugha na sayansi, na huenda biolojia aliiachia sekondari. Mtoto akimuuliza kwa nini nyani wa leo hawageuki watu, ajibu nini? Jibu lipo: nyani wa leo si babu zetu, tuna asili moja ya zamani sana. Lakini nani kamfundisha? Mkileta mada bila mafunzo, tutawakaririsha watoto, basi.